Sindano Isiyo na Tundu

Sindano ya akupancha haina tundu. Ni uzi wa chuma cha pua wenye unene wa kama robo milimita, mzima kutoka kichwani hadi nchani, usio na pa kupitishia dawa wala pa kutolea damu. Muuguzi wa hospitali ataliona hilo jambo dogo. Kwa mkazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe anayefikiria kulala kifudifudi achomwe sindano kumi na mbili kwa sababu ya kiuno kilichomsumbua miaka, ndilo jambo la kwanza kulielewa, kwa kuwa tiba za ngozi alizorithi kwa wazee wake hufanya moja kati ya mawili: hutoa kitu mwilini au hutia kitu. Akiuliza "ndani mna dawa gani?" haulizi kijinga. Swali hilo lina umri wa karne kadhaa, na jibu lake ni kwamba hamna.

Tiba ya kutoa ni chuku. Mpiga chuku wa zamani alibeba pembe ya ng'ombe iliyokatwa ncha na kuachwa tundu dogo, wembe, na donge la nta. Aliichanja ngozi ya mgongo, akabandika mdomo mpana wa pembe, akafyonza hewa kwa tundu la juu, kisha akaliziba kwa nta. Damu ilijikusanya polepole, nyeusi na nzito, na pembe ilipobanduliwa mgonjwa alioneshwa. Kuoneshwa huko kulikuwa sehemu ya tiba yenyewe: ubaya umetoka, huu hapa. Tiba ya kutia ilikuwa chale. Mganga wa Kidigo upande wa Likoni na Kwale, au wa Kigiriama upande wa Kisauni na Kilifi, alichanja vijistari vifupi kifuani au kwenye viungo, akasugua unga wa dawa ndani ya mikato. Hapo mgonjwa hakuona kilichotoka, lakini alijua kilichoingia.

Nyuma ya chuku ipo elimu, nayo imesafiri mbali. Matabibu wa Kiyunani wa kale waliamini mwili unaongozwa na majimaji manne ambayo yakizidiana mtu huugua. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliipanga elimu hiyo upya katika kitabu chake cha Qanun, ikasambaa kote kulikofika Uislamu na biashara ya Bahari ya Hindi. Marc Swartz, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyewachunguza Waswahili wa Mji wa Kale wa Mombasa kuanzia miaka ya 1970 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1991, aliwakuta watu bado wanapima vyakula, umri na maradhi kwa joto na baridi. Bibi anayemkataza mwanawe aliyejifungua asile cha baridi anafundisha somo hilo hilo bila kumtaja Ibn Sina. Kwa Waislamu kuna sababu nyingine yenye uzito zaidi. Hadithi zinamtaja Mtume Muhammad (S.A.W.) akipigwa hijama, yaani chuku, na kuisifu, na tarehe 17, 19 na 21 za mwezi mwandamo zikapendekezwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo hijama ni tiba na ni Sunna pia. Siku hizi pembe imevipisha vikombe vya plastiki na pampu ya mkono, na kibao cha hijama mtaani Kisauni hakimshangazi mtu.

Wala asije mtu akaicheka pembe. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alipotua Mombasa mwaka 1844, madaktari wa Ulaya nao walikuwa wakitoa damu kwa wembe, kwa vikombe vya kioo na kwa ruba. Mkewe Rosine alikufa kwa homa Julai mwaka huo, akazikwa bara, upande wa Kisauni. Miaka 20 kabla yake alikuwa amekufa kwa homa Luteni Reitz, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeachwa kuisimamia Mombasa mwaka 1824, ambaye jina lake limebaki Port Reitz kule Changamwe, na sasa liko pia kwenye hospitali ya umma. Mbele ya malaria, matabibu wa mabara yote walikuwa sawa kwa udhaifu.

Uchina nako, ilikozaliwa akupancha, mambo yalianza kwa moto kabla ya sindano. Maandishi yaliyofukuliwa katika kaburi la Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 KK, yanaeleza mishipa ya mwili na jinsi ya kuichoma kwa majani yanayofuka, lakini sindano haimo. Kaburi jingine la mwaka 113 KK, la mwanamfalme Liu Sheng, lilitoa sindano nne za dhahabu na tano za fedha. Karibu na nyakati hizo kilikusanywa Huangdi Neijing, kitabu kilichoifanya sindano kuwa elimu yenye mpangilio: nguvu iitwayo qi inapita katika njia maalumu, njia zikiziba maradhi huja, na sindano huzifungua. Maelezo haya yasiposomwa kama anatomia ya hospitali, si mageni hata kidogo kwa mtu wa pwani. Yana joto na baridi, yana kuzidi na kupungua, yana upepo unaoingia mwilini. Hata yale majani ya kufukiza, moksa, ni ya jamii ya pakanga, mmea ambao waganga wa Afrika Mashariki wanaujua vizuri.

Kwa nini basi sindano haikufika hapa zamani, ikiwa Wachina wenyewe walifika? Merikebu za Zheng He zilisafiri kati ya mwaka 1405 na 1433, zikagusa pwani yetu, na twiga kutoka Malindi alipokewa Uchina mwaka 1415. Kumbukumbu za safari zile zinataja matabibu na wasaidizi wa tiba wapatao 180 ndani ya msafara mmoja. Mwaka 2010 watafiti wa Kenya na Uchina walifukua Mambrui sarafu ya shaba ya zama za mfalme Yongle. Lakini biashara ya dawa ilikwenda upande mwingine: ambari, uvumba na manemane ndivyo vilivyotoka pande zetu za bahari kwenda kwenye maduka ya dawa ya Uchina. Meli zikaondoka na sindano zao. Ulaya iliipata habari ya sindano kwa njia ya Japani, pale tabibu wa Kiholanzi Willem ten Rhijne alipochapisha kitabu chake London mwaka 1683.

Inafaa pia mgonjwa ajue kwamba hii "tiba ya miaka elfu mbili" haikupendwa nyumbani kwake miaka yote elfu mbili. Mwaka 1822 mfalme Daoguang aliiondoa katika chuo cha tiba cha ikulu. Mwaka 1929 serikali ya chama cha Kuomintang ilijaribu kuipiga marufuku tiba ya jadi nzima, ikarudi nyuma kwa sababu ya maandamano. Ni serikali ya Mao Zedong iliyoiinua katika miaka ya 1950, kwa sababu madaktari wa kisasa walikuwa wachache na wakulima walikuwa mamia ya milioni. Akupancha inayofundishwa leo vyuoni, yenye vitabu vya kiada, chati na mitihani, ilipangwa zaidi wakati huo kuliko zama za wafalme.

Wakati Uchina ikibishana juu ya sindano isiyo na tundu, pwani ilikuwa inaingia katika mapenzi na ile yenye tundu. Mwaka hadi mwaka katika miaka ya 1920, idara ya utabibu ya koloni la Kenya, ikiongozwa na John Gilks, iliwadunga watu wengi dhidi ya buba, maradhi ya vidonda yaliyowatesa hasa watoto wa vijijini. Dawa zilikuwa za aseniki na bismathi, na athari yake ilionekana kwa macho: vidonda vya miezi vilikauka kwa siku chache. Watu waliokuwa wakikimbia zahanati walianza kuifuata kwa miguu. Baadaye penisilini ikafanya kazi hiyo vizuri zaidi, na kampeni za Shirika la Afya Duniani za miaka ya 1950 zikalisukuma buba pembeni. Nina hakika hakuna tangazo la serikali lililowahi kuifanyia tiba ya kisasa propaganda nzuri kama kidonda cha buba kilichokauka. Lakini lilibaki somo moja ambalo bado linatuponza: kwamba sindano ni ya haraka, na kwamba aliyetoka zahanati na vidonge tu hakutibiwa sawasawa.

Somo la pili lilikuja kwa uchungu na lilitoka Misri. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Misri iliwadunga wananchi wake dhidi ya kichocho kwa sindano zilizotumiwa tena na tena bila kutakaswa ipasavyo. Kichocho kilipungua, homa ya ini aina ya C ikaenea hadi nchi hiyo ikawa miongoni mwa zilizoathirika zaidi duniani. Hakuna aliyekusudia. Akupancha nayo ina kisa chake: mwaka 1984, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, wagonjwa 35 wa mtaalamu mmoja waliambukizwa homa ya ini aina ya B. Virusi vya homa hiyo vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na sindano haihitaji tundu ili kuvibeba.

Sasa tuje kwenye njia iliyoileta akupancha Afrika Mashariki, maana hapo ndipo Mombasa ilipoachana na jirani zake. Agosti 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, kundi la kwanza la madaktari wa Kichina lilifika Zanzibar, likitoka jimbo la Jiangsu. Tanzania Bara ilipata lake mwaka 1968 kutoka Shandong, kabla ya kazi ya reli ya TAZARA kuanza. Makundi hayo yalibadilishana mwaka baada ya mwaka, na pamoja na wapasuaji na madaktari wa macho mara nyingi walikuwamo wataalamu wa sindano. Mgonjwa wa Unguja au Pemba aliyechomwa sindano hizo alichomwa ndani ya hospitali ya serikali, Mnazi Mmoja au Mkoani, baada ya kuandikiwa na daktari, na akiwa na maabara chini ya paa hilo hilo. Hakulazimika kuuliza anayemchoma amesoma wapi. Serikali mbili zilikuwa zimeuliza kwa niaba yake.

Kenya ilikuwa na siasa nyingine. Uhusiano na Beijing ulifunguliwa Desemba 1963, ukaharibika tangu 1965 katika mzozo wa kambi ya Jomo Kenyatta na ile ya Oginga Odinga, ukashushwa hadhi mwaka 1967, na haukupata uhai tena hadi Daniel arap Moi alipoingia madarakani mwaka 1978. Hivyo tiba ya sindano haikuingia Mombasa kwa mlango wa hospitali. Iliingia kwa mlango wa duka, pale kliniki za binafsi za Wachina zilipoanza kufunguliwa katika miji ya Afrika Mashariki kuelekea mwisho wa karne iliyopita. Mwanaanthropolojia Elisabeth Hsu, aliyezifuatilia kliniki hizo miaka ya 2000, aliona kwamba nyingi ziliishi kwa kuuza vidonge zaidi ya kuchoma sindano, na kwamba wateja walizipenda dawa hizo kwa sifa ya wepesi wa kufanya kazi. Tazama kinaya chake: tiba ambayo kwao Uchina husifiwa kwa upole na subira, kwetu ilinunuliwa kwa haraka yake. Buba lilikuwa limekwisha kutufundisha namna ya kununua.

Sifa ya haraka haikuwa uongo mtupu. Mwaka 1967 Uchina ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, na ndani yake Tu Youyou, akiongozwa na kitabu cha tiba cha karne ya 4, alipata artemisinini kutoka kwenye mmea mwingine wa jamii ya pakanga. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kenya iliamua mwaka 2004 kuzifanya dawa za mchanganyiko zenye asili hiyo kuwa tiba ya kwanza ya malaria. Mtu wa Mtongwe aliyepona malaria kwa siku tatu ana haki ya kuiamini dawa ya Kichina. Anachokosea ni kuihamishia sindano ya Kichina imani hiyo, kana kwamba ni bidhaa mbili za kiwanda kimoja. Artemisinini imepimwa, ikajulikana inaua nini na kwa kiasi gani. Homa haitibiwi kwa akupancha, na yeyote mwenye homa apite kwanza Hospitali ya Likoni au Port Reitz akapimwe damu.

Akupancha inatibu nini, basi? Sifa zake za kimataifa zilianza kwa kisa kilichosimuliwa vibaya. Julai 1971 mwandishi wa gazeti la New York Times, James Reston, alipasuliwa kidole tumbo Beijing. Alipewa dawa ya ganzi ya kawaida kwa sindano ya kawaida; akupancha alifanyiwa baadaye, kumtuliza tumbo lililojaa gesi na maumivu. Aliandika hivyo hivyo. Lakini habari ilivyozunguka ikawa amepasuliwa kwa sindano tupu bila ganzi, na mwaka uliofuata Rais Nixon alipozuru Uchina dunia ilikuwa tayari kuamini lolote.

Majaribio mazito yalikuja baadaye, na ninalopenda kulisimulia ni la Ujerumani, lililochapishwa mwaka 2007. Wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilichomwa sindano kwa kanuni za Kichina. La pili lilichomwa sindano za kuigiza, juu juu tu na mahali pasipo na maana yoyote katika chati. La tatu lilipewa dawa, mazoezi na tiba ya viungo kama kawaida. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 47.6 katika kundi la kwanza, 44.2 katika la pili na 27.4 katika la tatu. Asiyeipenda akupancha husoma namba mbili za kwanza na kusema: mnaona, hata ukichoma ovyo ni sawa. Anayeipenda husoma ya kwanza na ya mwisho. Mimi nazisoma zote tatu kwa pamoja, na naona mgonjwa alifaidika, ila si kwa sababu alizotajiwa. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018, uliounganisha majaribio 39 yenye wagonjwa 20,827, ulikuta kwamba kwa mgongo na shingo, bega, kusagika kwa goti na maumivu sugu ya kichwa, sindano halisi huzishinda za kuigiza kwa tofauti ndogo lakini ya kweli, na faida yake hupungua kwa takriban asilimia 15 tu baada ya mwaka. Kichefuchefu cha baada ya upasuaji na cha dawa za saratani nacho kina ushahidi mzuri tangu miaka ya 1990. Nje ya hayo madai huwa mengi kuliko ushahidi. Kibao kinachoorodhesha kisukari, presha, ugumba, nguvu za kiume na saratani kwenye ubao mmoja hakikuambii habari za akupancha. Kinakuambia habari za mwenye kibao.

Orodha ya mgongo, shingo, bega na goti inaelekea kuwa iliandikwa Changamwe. Ndiyo maradhi ya kuli aliyebeba magunia Kilindini miaka thelathini, ya dereva wa trela aliyekwama foleni ya kwenda bandarini, ya mama wa soko la Kongowea anayeinua kreti kabla ya alfajiri, na ya fundi cherehani wa Mtopanga. Watu hawa wamezoea kumeza vidonge vya maumivu vya dukani mwaka mzima, jambo lenye hatari zake kwa tumbo na figo, na kwao akupancha iliyofanywa kwa usafi ni jaribio la busara kabisa. Wasiwasi wangu hauko hapo. Uko kwenye yale maswali ambayo Mnazi Mmoja ilimuulizia mgonjwa na ambayo Mombasa mgonjwa lazima ayaulize kwa kinywa chake.

La kwanza ni nani aliyeshika sindano. Fremu iliyoning'inizwa ukutani mara nyingi ni kibali cha biashara cha kaunti, karatasi ile ile anayopewa muuza viatu, na haisemi lolote juu ya elimu ya tiba. Cheti cha uganga cha idara ya utamaduni nacho hakisemi. Daktari, awe Mkenya au mgeni, anatakiwa kuwa na leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na kituo chenyewe kisajiliwe. Mtaalamu wa fiziotherapia ana baraza lake chini ya sheria ya mwaka 2014. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliitambua tiba ya jadi na tiba mbadala na kuelekeza iundiwe chombo cha kuisimamia kwa sheria nyingine ya Bunge. Baina ya sheria iliyotambua na msimamizi wa kukagua ndipo mgonjwa anapolala kifudifudi. Kwa hiyo uliza umesomea wapi, kwa muda gani, na umesajiliwa na nani. Mtaalamu wa kweli hakasiriki. Anayekasirika amejibu.

Swali la pili linajibiwa kwa macho. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yako, iwe imefungwa kiwandani, ina tarehe ya mwisho wa matumizi, na baada ya kazi sindano ziingie kwenye kasha gumu la taka kali. Zikitolewa kwenye kikombe cha spiriti, vaa shati uondoke, hata kama umekwisha lipa. Ukipigwa hijama mtaani kagua vivyo hivyo: wembe mpya, vikombe vipya, glavu. Heshima kwa Sunna haiui virusi, na mpiga hijama mcha Mungu atakuwa wa kwanza kukuambia hivyo.

Sindano ikiingia kwa usafi na kwa mkono uliofunzwa, hatari ni ndogo. Ujerumani iliwafuatilia wagonjwa 229,230, asilimia 8.6 walipata athari fulani, nyingi zikiwa kutoka damu kidogo, alama ya bluu au maumivu pale pale. Wawili walitobolewa utando wa pafu. Wawili katika laki mbili ni wachache, lakini ndiyo sababu mtu asiye na mafunzo hapaswi kabisa kugusa kifua na mabega kwa sindano, na ndiyo sababu kifua kikibana na pumzi kukatika baada ya tiba hakuna kungoja asubuhi. Kabla ya yote mwambie mtaalamu kama una mimba, maana kuna sehemu za mkono na mguu ambazo kwa desturi huachwa; kama unatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda; kama una kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, kwa sababu kliniki nyingi huunganisha sindano na umeme; na kama una kisukari, hasa ikiwa miguu imeanza kufa ganzi na vidonda havikauki upesi. Mwenye pumu akatae moshi wa moksa. Na dawa za presha, sukari au za virusi vya Ukimwi haziachwi kwa siku hata moja kwa sababu mtu ameanza sindano.

Usiende na njaa, kwa sababu wanaozimia wengi ni wenye tumbo tupu na woga wa mara ya kwanza. Hapo Ramadhani inaingia. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliwakuta watu wake wakifuata madhehebu ya Shafi, na hadi leo ndiyo ya wengi wetu. Kwa Mashafi hijama haifunguzi saumu, tofauti na wanavyosema Mahanbali, na sindano isiyoingiza chakula wala dawa ina hoja nyepesi zaidi. Kifikihi inawezekana. Kitabibu, mtu aliyefunga tangu alfajiri na hakunywa maji katika joto la Machi aahirishe hadi baada ya futari. Mwanamke anayetaka kuhudumiwa na mwanamke aseme anapopanga miadi, aje na mwenzake na leso mbili. Magoti na viganja hufikiwa bila kuvuliwa mtu nguo, na mgongo hufunuliwa pale panapochomwa tu.

Sindano ikiingia inavyotakiwa haiumi kama ya zahanati. Unahisi uzito, ganzi, au kama umeme mdogo unatembea, kisha unaachwa umelala robo saa hadi nusu saa. Hakuna damu ya kuoneshwa. Wengi hapa ndipo wanapovunjika moyo, wakitoka wanaona hakuna kilichotoka wala kilichoingia, na hawarudi. Wengine huinuka na usingizi mzito kichwani. Hao wasiendeshe pikipiki kurudi Magongo.

Kwa kiharusi naomba nisikike vibaya kuliko nisisikike. Uchina akupancha hutumiwa sana katika kuwarejesha waliopooza, na habari hiyo imefika kwetu nusu. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea na maneno yakavurugika, saa za mwanzo ni za hospitali kubwa, Makadara au yoyote iliyo karibu yenye kipimo cha CT, si za mganga, si za chuku na si za sindano. Ndugu wakitaka kujaribu sindano wiki kadhaa baadaye, pamoja na mazoezi ya viungo, na daktari akijua, hilo ni shauri jingine.

Imebaki pesa. Majaribio ya Ujerumani yalitumia vipindi kumi, kwa kawaida viwili kila wiki. Kivuko cha Likoni ni bure kwa anayetembea kwa miguu, tabibu si bure, kwa hiyo uliza gharama ya vipindi vyote siku ya kwanza wala usikubali kuelezwa bei ya kimoja tu. Ukiuziwa vidonge katikati ya safari, uliza namba yao ya usajili katika Bodi ya Famasia na Sumu, na visivyo na maandishi unayoweza kuyasoma visivuke nawe. Weka tangu mwanzo kipimo chako mwenyewe cha nafuu: kuinama kuchota maji, kusujudu bila kushika ukuta, kulala bila kidonge. Kipindi cha sita kikipita na kipimo hicho hakijasogea, usilipie cha saba.